Nani Hushuhudia? Viungo vya Intaneti na Maandishi ya Kiswahili cha Katanga

1.0 Utangulizi

Kamatanda ni eneo la machimbo ya shaba na kobalti karibu na mji wa Likasi, mkoa wa Haut-Katanga, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Lugha ya mawasiliano ya kila siku katika sehemu hizo ni Kiswahili, kile ambacho wanaisimu wamezoea kukiita Kiswahili cha Katanga au cha Shaba. Hata hivyo, sehemu kubwa ya maandishi yanayoihusu Kamatanda katika intaneti ni ya Kiingereza na Kifaransa, na mada yake ni madini. Lugha ya wachimbaji wenyewe haionekani kwa urahisi.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi hali ya namna hii inavyochochewa na utaratibu wa kuzipanga kurasa kwa kuhesabu viungo. Hoja inayotetewa ni kwamba cheo cha ukurasa hutokana na ushahidi wa wale wenye kurasa, wala si wa wale wenye lugha. Kwa hiyo suala hili linawahusu moja kwa moja wanataaluma wa Kiswahili.

2.0 Chimbuko la utaratibu

Wazo la kupima thamani ya andiko kwa kuangalia nani analitaja halikuanzia katika kompyuta. Mwaka 1955 Eugene Garfield wa Marekani alipendekeza fahirisi ya marejeo ya kisayansi, ambayo ilianza kuchapishwa katika miaka ya 1960. Kwa njia hiyo iliwezekana kujua ni makala ipi iliyorejelewa na wengi. Mwaka 1968 mwanasosholojia Robert Merton alieleza upande wa pili wa jambo hilo, akiuita athari ya Mathayo: mwanazuoni ambaye tayari anajulikana hupewa sifa zaidi, na asiyejulikana husahauliwa hata kazi yake ikiwa sawa na ya mwenzake.

Mwaka 1998 Sergey Brin na Larry Page, wakiwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford, waliihamishia fikra hiyo katika intaneti, na mwaka huohuo wakaanzisha kampuni ya Google. Katika utaratibu wao, kiungo kutoka ukurasa mmoja kwenda mwingine huhesabiwa kuwa kura. Lakini kura hizo hazilingani. Ukurasa wenye cheo kikubwa hutoa kura nzito; nao ukielekeza kwenye kurasa kumi, uzito huo hugawanywa mafungu kumi. Hesabu hiyo humfikiria msomaji wa kubuni ambaye, kwa kipimo cha kawaida, mara 85 katika kila 100 hufuata viungo anavyovikuta, na mara 15 huruka ovyo kwenda ukurasa wowote. Kurasa anazozifikia mara nyingi ndizo zenye cheo.

Isitoshe, maneno yaliyoandikwa juu ya kiungo huhesabiwa pia kuwa maelezo ya ukurasa unaoelekezwa. Hivyo ukurasa hujulikana kwa jina unaloitwa na wengine, hata kama wenyewe hautumii jina hilo.

Athari yake kwa idadi ya wasomaji ni ya mzunguko. Ukurasa ulio juu katika orodha hufunguliwa na wengi. Uliofunguliwa na wengi hupata waandishi wa kuutaja. Na uliotajwa hupanda zaidi. Ukurasa ulio chini husubiri msomaji ambaye hana njia ya kuufikia. Ni kweli kwamba mitambo ya leo hutumia vigezo vingine vingi, kama vile lugha na mahali alipo mtafutaji, na tangu mwaka 2012 Google imechukua hatua kali zaidi dhidi ya viungo vya hila. Hata hivyo, viungo havijaachwa.

3.0 Mji wenye majina mawili

Likasi yenyewe ni mfano mzuri. Wakati wa ukoloni wa Kibelgiji mji huo uliitwa Jadotville, kutokana na jina la Jean Jadot, mmoja wa wakuu wa kampuni ya Union Minière. Jina la Likasi lilirudishwa rasmi mwaka 1966. Lakini Septemba 1961 kikosi cha askari wa Ireland, waliokuwa chini ya Umoja wa Mataifa, kilizingirwa hapo na majeshi ya Katanga kwa siku kadhaa, kikasalimu amri. Kisa hicho kimeandikiwa vitabu, na mwaka 2016 kikatengenezewa filamu.

Matokeo yake ni kwamba jina lililofutwa ndilo lililojaa viungo, navyo vinaelekea kwenye tukio la siku chache katika historia ya askari wa kigeni. Hakuna aliyekusudia kuwadhulumu wenyeji. Wasimulizi wa kisa hicho walikuwa na kurasa na walitajana; wakazi wa Kikula, Panda na Shituru, ambazo ni tarafa za Likasi, hawakuwa na nafasi hiyo.

4.0 Kitabu cha Yav

Mfano wa pili unaonyesha kwamba hali hii inaweza kugeuzwa. Mwaka 1965 André Yav aliandika historia ya mji wa Elisabethville, ambao leo ni Lubumbashi, kwa ajili ya chama cha watumishi wa zamani wa nyumbani. Kichwa cha kijitabu kilikuwa cha Kifaransa, lakini matini yalikuwa ya Kiswahili cha huko. Humo mji unaonekana kwa macho ya boi na mfanyakazi, si ya bwana.

Mwaka 1990 Johannes Fabian, akisaidiwa na Kalundi Mango, alikichapisha upya pamoja na tafsiri ya Kiingereza, na Walter Schicho akaongeza maelezo ya kiisimu. Baadaye Fabian na Vincent de Rooij, wote wa Chuo Kikuu cha Amsterdam, waliyaweka matini hayo katika hifadhi ya intaneti ya Kiswahili cha Katanga. Humo yamo pia mazungumzo ya miaka ya 1970 na mchoraji Tshibumba Kanda Matulu.

Tangu hapo kazi ya Yav imerejelewa na wanahistoria na wanaanthropolojia wengi. Lakini yafaa kuangalia ushahidi huo umetoka wapi. Kwa sehemu kubwa umetoka katika maandishi ya Kiingereza, nao humpeleka msomaji kwenye kichwa cha Kiingereza cha toleo la 1990. Kiswahili cha Yav kimeonekana kwa kudhaminiwa na lugha nyingine.

5.0 Hitimisho

Imeonekana kwamba mtambo wa kutafutia hauisomi thamani ya matini. Husoma alama zilizoachwa na wasomaji waliotangulia. Kwa muda mrefu taaluma ya Kiswahili ilikiweka Kiswahili cha Katanga pembeni, ikikihesabu kuwa lahaja iliyoharibika. Mtazamo huo ukiendelea katika kurasa za vyuo vikuu, mtambo utaurudia bila kuhoji, na mwanafunzi wa Likasi atakayetafuta maandishi ya lugha yake atakuta ya wageni kwanza.

Hatua zinazohitajika si za kifundi. Idara inayofundisha historia ya Kiswahili inaweza kuelekeza kwenye matini yenyewe badala ya kuishia kwenye uhakiki wa matini hayo. Inaweza kuyaita kwa majina ya Kiswahili, na kuutaja mji kwa jina la Likasi kabla ya Jadotville. Kila kiungo cha namna hiyo ni ushahidi mdogo. Lakini mahali ambapo mashahidi ni wachache, hata ushahidi mdogo huwa na uzito.