Nyumba ya binti wa Mkomani sasa ina bei

Desemba 2026 ni miaka 25 tangu UNESCO, katika kikao chake cha Helsinki, iutie Mji wa Kale wa Lamu katika orodha ya Urithi wa Dunia. Mtu mwenye fedha leo hapati shida kuona nyumba ya mawe inayouzwa Mkomani, mtaa wa mji huo: kuta zimepigwa chokaa mpya, zidaka za ukutani zimerudishiwa nakshi, na juu limewekwa paa la makuti la kupunga upepo. Matangazo husifu vyumba vya kulala na bahari inayoonekana kutoka darini. Hayasemi nyumba ilijengewa nani.

Ilijengewa binti.

Nyingi ya nyumba zilizosimama Mkomani ni za karne ya 18, Lamu ilipokuwa ikitajirika kwa biashara ya majahazi. Mawe ya matumbawe yalitoka kisiwa cha Manda, yakavushwa kwa mashua. Boriti za mikoko ndizo zilizoamua upana wa chumba, kwa kuwa hazikuvuka mita 3 hivi. Ndiyo sababu vyumba vya Lamu ni virefu na vyembamba. Mgeni alipokelewa kwenye daka, akipewa ruhusa akapita tekani, ukumbi wa nyuma ya mlango, hadi kiwanda, ua usio na paa. Kutoka hapo huja kumbi mbili, msana wa tini na msana wa yuu, na mwisho kabisa ndani. Wanaume wasio wa nyumba hiyo hawakufika huko.

Linda Donley-Reid, mwanaakiolojia wa Kimarekani aliyezichunguza nyumba hizi kwa miaka, aliona kwamba vyumba vya ndani ndivyo vilivyobeba uhai wa ukoo. Huko mama alijifungua, na huko maiti ilioshwa na kukafiniwa. Zidaka zilizojaa vyombo vya kaure kutoka China hazikuwa urembo mtupu, kwa maelezo yake. Ziliwekwa kuzuia jicho la hasidi lisimfikie mwenye nyumba.

Baba muungwana mwenye uwezo hakungoja posa. Alianza kujenga binti akiwa mdogo. Asiye na kiwanja aliongeza ghorofa juu ya nyumba yake mwenyewe, au alivuka kichochoro kwa wikio, chumba kilichoshikilia kuta za pande mbili huku watu wakipita chini yake. Siku ya harusi ikifika, aliyehama ni bwana harusi. Aliingia katika nyumba ya mkewe, akalala juu ya kitanda cha mkewe, akaoga kwa maji ya birika la mkewe, ambamo samaki wadogo walifugwa ili wale viluwiluwi vya mbu. Ndoa ikivunjika, mume ndiye aliyefunga virago; mwanamke na wanawe walibaki. Kupitia darini na kwenye mawikio, mama na mabinti walitembeleana bila kukanyaga njia. Wakilazimika kutoka, walifunikwa na shiraa, kitambaa kikubwa kama hema kilichobebwa na wajakazi.

Wajakazi hao walikuwa watumwa, na hili lisifichwe. Mikono ya watumwa ilichonga mawe, ikachoma chokaa, ikalima mashamba ya bara yaliyolipia nakshi zote hizo. Waingereza walipofuta hadhi ya utumwa kisheria pwani ya Kenya mwaka 1907, utajiri wa waungwana ulivunjika. Familia nyingi zilihamia Mombasa, na nyumba nyingine zikageuka magofu.

Miaka ya 1970 msanifu majengo Usam Ghaidan alizichora nyumba za mji na kuzipima. Kitabu chake kilitoka 1975. Mwaka 1986 mji ukalindwa kisheria. Watalii wakazidi, na wanunuzi, wakiwemo wa kigeni, wakaja nyuma yao.

Simlaumu anayeuza. Nyumba ya bibi mmoja, baada ya vizazi vitatu vya mirathi, huwa na warithi wengi kupita vyumba vyake. Mmoja yuko Mombasa, mwingine Uarabuni, na hakuna anayetaka kulipia boriti iliyooza peke yake. Mnunuzi akija na fedha taslimu, ugomvi wa ndugu huisha siku hiyo. Hata Katiba ya 2010, inayomruhusu asiye raia kumiliki ardhi kwa kukodi tu, isizidi miaka 99, haijampa mwenyeji sababu ya kubaki.

Lakini nakataa kuamini kwamba mji umehifadhiwa kwa sababu kuta zake zimepakwa rangi. Wamiliki wengi wapya huja kwa msimu, kisha hufunga mlango. Familia zilizobaki nazo huziba nyufa kwa saruji kwa kuwa ndiyo wanayoimudu, na saruji hunasa unyevu ndani ya matumbawe hadi ukuta unamenyeka na boriti kuoza. Mwaka 2018 marufuku ya kukata miti iliwakumba hata wakataji mikoko wa Lamu, wanaotoa boriti za kubadilishia zilizooza.

Serikali ya kaunti na Makumbusho ya Taifa wangeweza kuanza na jambo dogo: ghala la chokaa na boriti mjini hapo, kwa bei nafuu, kwa kila familia inayoishi bado katika nyumba ya mama yao, pamoja na mafundi wa kuwapokea vijana wanaotaka kujifunza kazi ya nakshi. Mwenye nyumba angetengeneza chumba kimoja mwaka huu, kingine mwaka ujao, na binti yake angekuwa na pa kuolewa.