Fungu la Mtalaka katika Mafao ya Uzeeni: Mafunzo ya Historia ya Marekani

Mafakihi wamekubaliana kuwa mke aliyeachwa talaka rejea hustahiki nafaka na makazi mpaka eda yake iishe. Je, mwanamke aliyetumikia nyumba miaka mingi, kisha akaachwa akiwa mtu mzima, atakula nini baada ya eda? Swali hili si la Waislamu peke yao. Na tutazame lilivyojibiwa Marekani, ambako maimamu huulizwa mara kwa mara na waumini wao.

Sheria ya Hifadhi ya Jamii ilitiwa saini na Rais Franklin Roosevelt tarehe 14 Agosti 1935. Mwanzoni mafao ya kila mwezi yalikuwa ya mfanyakazi mwenyewe tu. Mwaka 1939 akaongezwa mke mwenye umri wa miaka 65, akapewa nusu ya kiasi cha mumewe. Lakini akiachwa, na nusu ile ilimpotea.

Mlango ulifunguliwa mwaka 1965: mtalaka wa miaka 62 aliruhusiwa kudai kwa rekodi ya aliyekuwa mumewe, iwapo ndoa ilidumu miaka 20 na bado alimtegemea. Sharti la kumtegemea likaondolewa mwaka 1972. Sheria ya mwaka 1977 ikapunguza miaka 20 kuwa 10, kuanzia Januari 1979. Mageuzi ya mwaka 1983 yakamwezesha kudai hata kama mume hajaanza kuchukua mafao yake, maadamu ametimiza umri na miaka miwili imepita tangu talaka. Leo mwanamume naye ana haki hiyo hiyo.

Hapa tuna mambo matatu ya kuzingatia.

Kwanza, fungu hili si nafaka wala mirathi. Hulipwa na mfuko wa serikali, wala halimpunguzii mume hata senti moja. Basi hakuna sababu ya mtalaka kuona haya kulidai, wala ya mume kumzuia.

Pili, miaka 10 huhesabiwa kwa ndoa inayotambuliwa na sheria ya jimbo, mpaka siku talaka ya mahakama inapokamilika. Nikaha ya msikitini isiyosajiliwa huenda isihesabiwe kabisa. Imamu anayefungisha nikaha bila kuwahimiza wanandoa wachukue hati anaweza kumpotezea dada yetu riziki ya uzeeni pasipo kujua.

Tatu, mtalaka akiolewa tena, kwa kawaida fungu hilo hukatika maadamu mume wa kwanza yu hai. Kuificha ndoa mpya ili malipo yaendelee ni hadaa, na mali ipatikanayo kwa hadaa haiwi halali kwa kuwa tu imetoka serikalini.

Ilichukua miaka 30, tangu 1935 hadi 1965, kwa mtalaka huyu kukumbukwa. Nasi tusimsahau katika misikiti yetu: tumweleze haki yake kabla hajazeeka, na mipaka yake kabla hajaivuka.