Nauli na Kibatari: Wanafunzi wa Katikati ya Jiji Nyakati za Uhaba wa Nishati

Usharika wa mjini hauwezi kuandika habari za miaka yake mia moja bila kuwataja wanafunzi, kwa maana ndio waliojaza madarasa ya kipaimara na safu za kwaya za vijana, na ndio walioguswa mapema kila mafuta yalipoadimika.

Kati ya Upanga, Mnazi Mmoja na Kariakoo zipo shule nyingi za sekondari: Azania, Jangwani, Tambaza, Zanaki, Kisutu. Tambaza na Zanaki zilikuwa za jumuiya ya Aga Khan kabla ya kuwa za Serikali. Zamani mwanafunzi aliweza kutoka kwao Gerezani akafika darasani kwa miguu. Jiji lilipotanuka kuelekea Mbagala, Gongo la Mboto na Kimara, shule zilibaki pale pale, bali makazi ya wanafunzi yakasogea mbali. Tangu hapo masomo ya kijana yakategemea dizeli.

Pigo la kwanza lilikuja mwishoni mwa mwaka 1973, bei ya pipa la mafuta ilipopanda kutoka dola 3 hivi hadi karibu dola 12 katika muda wa miezi michache. Shirika la Usafiri Dar es Salaam, UDA, lilianzishwa mwaka 1974, yaani lilizaliwa katikati ya dhiki hiyo. Serikali ilipiga marufuku magari binafsi kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana, amri iliyompasa hata mhubiri kuikumbuka saa. Mwaka 1979 bei ilipanda tena kwa sababu ya mapinduzi ya Iran, wakati nchi imetoka katika vita vya Kagera na haina fedha za kigeni za kununulia mafuta wala vipuri. Mabasi yakalala karakana. Mwaka 1983 watu binafsi waliruhusiwa kubeba abiria, na magari yao yakaitwa daladala, kwa jina la sarafu ya shilingi 5 iliyokuwa nauli yake.

Hapo ndipo ulipoanza mgogoro ambao haujaisha. Dereva na kondakta wa daladala hawakuwa na mshahara wa kutegemewa. Walimpelekea tajiri hesabu ya siku, wakanunua mafuta, na kilichosalia ndicho kilichokuwa chao. Serikali, kwa nia njema kabisa, ilimpangia mwanafunzi nauli iliyo ndogo kuliko ya mtu mzima, lakini haikumfidia mwenye gari tofauti ile. Basi kila dizeli ilipopanda, tajiri hakupunguza hesabu, na kondakta akaitafuta fedha mahali penye mteja dhaifu: akamwacha mwanafunzi kituoni. Ni haki kumlaumu kondakta kwa ukali wake, lakini si haki kumlaumu peke yake. Huruma ya Serikali ililipwa kutoka katika mfuko wa mtu mwingine.

Wanafunzi hawakukaa kimya. Wengine waliamka saa kumi usiku ili wawahi gari la kwanza. Wengine walivaa shati jingine juu ya sare wakalipa nauli ya mtu mzima. Wapo waliogeuza na gari, yaani walipanda likielekea kinyume na kwao hadi mwisho wa safari, ili wapate nafasi litakaporudi, ingawa njia hiyo iliwagharimu nauli mara mbili. Waliopata nafasi walisimama, kwa kuwa kiti kilikuwa cha mwenye nauli kamili. Palikuwa pia na mawe na ngumi kati ya wanafunzi na makondakta, jambo ambalo halifai kufichwa. Wengi, hata hivyo, walitembea tu, madaftari mkononi, wakafika nyumbani giza limekwisha kuingia.

Na nyumbani giza lilikuwa na habari yake. Mwaka 2006 ukame ulipunguza maji katika mabwawa, Mtera likiwa mojawapo, na mgawo wa umeme ukawa wa saa nyingi kila siku. Mitaa ya Kariakoo ilijaa ngurumo za jenereta za wenye maduka, huku vijana wa ghorofa za juu wakisoma kwa mshumaa. Mkataba wa umeme wa dharura wa kampuni ya Richmond, uliotiwa saini mwaka huo, ulisababisha Waziri Mkuu Edward Lowassa ajiuzulu Februari 2008, lakini hayo hayakumsaidia aliyekuwa akijiandaa kwa mtihani wa kidato cha nne.

Mwaka 2011 ulikuwa mgumu zaidi. Mgawo ulirudi kwa nguvu, hata Julai bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini ikakwama bungeni. Katika mwaka huo huo Serikali ilipandisha ushuru wa mafuta ya taa kutoka shilingi 52 hadi zaidi ya shilingi 400 kwa lita, ili kukomesha uchakachuaji, maana wafanyabiashara walikuwa wakiyachanganya na dizeli. Sababu ilikuwa ya kweli. Lakini mwanafunzi aliyekosa umeme alikosa na mafuta ya kibatari, kwa kosa la mchakachuaji asiyemjua. Vijana wakajibu kwa kukusanyika: taa moja, vitabu vichache, vichwa vitano au sita kuizunguka meza.

Aprili 2013 nauli ya masafa mafupi jijini ilipanda kutoka shilingi 300 hadi 400, na ya mwanafunzi ikawa 200. Mabasi ya mwendokasi yalianza Mei 2016, na kituo chake cha Gerezani kikawa jirani kabisa na soko. Kisha vita vya Ukraine vilipandisha petroli hadi zaidi ya shilingi 3,000 kwa lita mwaka 2022. Nauli ya daladala ya mtu mzima ikawa 500 mwaka huo, na 600 Desemba 2023. Ya mwanafunzi ilibaki 200. Tofauti kati ya abiria hao wawili, iliyokuwa shilingi 200 mwaka 2013, ilikuwa imefika 400, na kondakta aliijua hesabu hiyo kabla gari halijasimama.