Frantz Fanon: alionya juu ya mabwana wapya

Wazee wetu wanakumbuka tarehe 30 novemba 1973. Siku ile Rais Mobutu alitangaza ya kama maduka, mashamba makubwa na biashara nyingi za wageni zitapita mikononi mwa Wazaire. Ndiyo ile zairianisation. Mgiriki, Mreno ao Muhindi mwenye magazini alitoka, mwana-inchi akaingia na kupewa ufunguo. Kisha miezi michache, bidhaa zilianza kukosekana mu maduka mengi. Waliopewa mali, walioitwa acquéreurs, wengi walikuwa wakubwa wa chama na wa serkali. Waliuzisha stoki, wakakula feza, hawakuagiza ingine.

Kuna mtu alikuwa ameandika juu ya mambo ya namna hii miaka 12 mbele: Frantz Fanon. Alizaliwa mwaka wa 1925 ku kisiwa cha Martinique, akasoma udaktari wa akili Ufaransa, na tangu 1953 akafanya kazi ku hospitali ya Blida, Algeria. Vita ya uhuru ilipowaka, aliacha kazi ya serkali ya Ufaransa na kuingia upande wa FLN. Kitabu chake kikubwa, Les damnés de la terre, alikiandika mbio mbio mu 1961, akiwa mgonjwa wa kansa ya damu. Kilitoka Paris mwaka ule ule, na serkali ya Ufaransa ikakikamata. Fanon alikufa Marekani tarehe 6 desemba 1961, na miaka 36 tu.

Watu wengi wanamjuaka Fanon kwa sura ya kwanza, ile inayosema juu ya vita na nguvu. Kwa sisi hapa Congo, sura ya tatu njo yenye uzito. Pale anauliza: kisha uhuru, nani anashika feza? Anasema ya kama matajiri wapya wa Afrika hawana viwanda, hawana mtaji wao wenyewe, hawagundui kitu. Kazi yao ni kusimama katikati ya inchi yao na makampuni ya Ulaya, na kukata komisyo. Wakisema mali irudi kwa taifa, maana yake ni irudi kwao. Mwenye duka anabadilika, lakini kahawa na madini vinaendelea kutoka vibichi, kwa bei inayopangwa mbali.

Na anaendelea: mkubwa akishachukua nafasi ya muzungu, mdogo naye anatafuta wa kufukuza. Ndiyo vile Wadahomey walifukuzwa Côte d'Ivoire. Inaanza na mgeni, inamalizikia kwa jirani wa kabila lingine. Sisi watu wa Kivu na Katanga hatuhitaji mutu atufasirie hii.

Fanon alimjua Lumumba. Walionana Accra mu desemba 1958. Kisha Lumumba kuuawa, aliandika makala kali mu februari 1961: kosa la Lumumba lilikuwa kuamini Umoja wa Mataifa, na kosa la inchi za Afrika lilikuwa kutuma askari wao chini ya bendera ile.

Si yote aliyosema yanasimama. Aliwatumainia sana wakulima na vijana wasio na kazi wa pembeni ya miji, alifikiri watabeba mapinduzi. Hapa kwetu, vijana wale wale wamebebeshwa bunduki na kila mwenye feza. Na kuanguka kwa biashara ya Zaire hakukutoka kwa acquéreurs peke yao: bei ya shaba ilianguka pia, tangu 1974.

Kitabu kilitafsiriwa kwa Kiswahili Tanzania, kwa jina la Viumbe Waliolaaniwa, kazi ya Clement Maganga na Gabriel Ruhumbika. Kiswahili chake ni cha Dar es Salaam, lakini msomaji wa Bukavu ao Lubumbashi atakifuata. Asianzie mwanzo, afungue kwanza sura ya tatu.