Ujiji: Wakati na Njia Bora ya Kuzuru Kituo cha Kale cha Misafara

Ujiji, mji mkongwe ulio kandokando ya Ziwa Tanganyika katika Manispaa ya Kigoma-Ujiji, ulikuwa kituo kikuu cha njia ya kati ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu, iliyoishia Bagamoyo, umbali wa takriban kilomita 1,200. Mwaka 2006 njia hiyo iliingizwa katika orodha ya awali ya maeneo ambayo Tanzania inakusudia kuyapendekeza kuwa Urithi wa Dunia.

Wakati wa kuzuru

Mvua za Kigoma kwa kawaida hunyesha kuanzia Novemba hadi Aprili. Miezi ya Juni hadi Septemba ndiyo bora kwa watembea kwa miguu, na asubuhi hufaa zaidi kabla jua halijawa kali. Hata hivyo, katika miezi hiyo upepo wa kusini-mashariki huchafua ziwa. Wanaokusudia kuendelea kwa boti hadi Hifadhi ya Taifa ya Gombe wanashauriwa kuondoka mapema na kuvaa jaketi okozi.

Njia ya kufuata

Kigoma hufikika kwa ndege, kwa basi, au kwa Reli ya Kati iliyofika mjini hapo mwaka 1914. Kutoka Kigoma mjini, daladala hufika Ujiji kwa safari fupi.

Ziara ianzie Makumbusho ya Livingstone, penye mnara wa kumbukumbu ya mahali David Livingstone alipokutana na Henry Morton Stanley mwaka 1871. Kisha mgeni ashuke kwa miguu hadi ufukweni. Makumbusho yako mbali na maji kwa sababu kina cha ziwa kilishuka kwa takriban mita 10 baada ya maji kufungua mkondo wa Mto Lukuga, upande wa Kongo, mwishoni mwa miaka ya 1870.

Matembezi hayo yasiachwe. Mnara unakumbusha wasafiri wawili. Ufukwe ndiko waliposhushwa watu wengi wasioandikwa majina, waliovushwa kutoka ng'ambo na kupelekwa pwani. Familia nyingi za Ujiji, wakiwemo Wamanyema, zina asili yao ng'ambo hiyo. Kwa hiyo ni vyema kutenga nusu siku, kusikiliza maelezo ya waongozaji na wazee, na kuomba ruhusa kabla ya kupiga picha za watu au makazi.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda kumbukumbu za aina hii. Wageni na wenyeji wanakumbushwa kutochora, kutobomoa na kutoondoa kitu chochote katika eneo hilo.