India: Nani humlinda anayeuliza?

Tarehe 20 Julai 2010, mjini Ahmedabad nchini India, watu wawili waliokuwa kwenye pikipiki walimuua kwa risasi Amit Jethwa, karibu na Mahakama Kuu ya jimbo la Gujarat. Mwanaharakati huyo alikuwa ameitumia sheria ya haki ya kupata habari kufichua uchimbaji haramu wa mawe kandokando ya msitu wa Gir, makao ya simba wa Asia.

Sheria hiyo ilizaliwa vijijini. Katika miaka ya 1990, vibarua na wakulima wa Rajasthan, wakiwa katika chama cha MKSS alichokiasisi Aruna Roy na wenzake, walidai kuonyeshwa hesabu za miradi ya serikali. Hesabu hizo ziliposomwa hadharani, majina ya marehemu yalikutwa katika orodha za malipo.

Sheria ya taifa zima ilianza kutumika tarehe 12 Oktoba 2005. Kwa ada ya rupia 10, raia huandika ombi, na ofisi hutakiwa kujibu ndani ya siku 30. Halazimiki kueleza sababu, ila hutakiwa kutoa anwani. Hapo ndipo penye hatari: karatasi inayomhoji ofisa humwonyesha pia mwulizaji anakoishi.

Novemba 2013, Mahakama Kuu ya Calcutta iliamua kuwa nambari ya sanduku la posta yatosha. Lakini kijijini, ambako mtu mmoja tu ndiye anayehoji mgao wa nafaka, hata asipotaja makazi yake hujulikana.

Sheria ya kuwalinda wafichuaji wa rushwa ilisainiwa na rais Mei 2014. Haipokei malalamiko yasiyo na jina, na miaka kumi baadaye serikali ilikuwa haijaitangaza ianze kutumika.

Katika kesi ya Jethwa, mbunge wa zamani na wengine 6 walihukumiwa kifungo cha maisha mwaka 2019. Mei 2024, Mahakama Kuu ya Gujarat iliwaachia huru wote, ikikosoa vikali uchunguzi uliofanywa.

Kinga yenye busara zaidi huenda ni azimio la Tume Kuu ya Habari la Septemba 2011: mwombaji akishambuliwa au kuuawa, tume itaagiza habari alizoziomba zitangazwe kwa umma. Waswahili husema kuuliza si ujinga. Azimio hilo linaongeza kwamba kumnyamazisha mwulizaji hakulifuti swali lake.