Barabara ya Malinyi na Hoja ya Kurefusha Muhula wa Rais

Hoja kwamba miaka 10 haimtoshi Rais haijawahi kuzikwa Tanzania. Mwaka 2017 Juma Nkamia, wakati huo Mbunge wa Chemba, alieleza nia ya kupeleka bungeni muswada binafsi wa kurefusha muhula kutoka miaka 5 hadi 7. Januari 2018 Chama Cha Mapinduzi (CCM), kupitia Katibu wake wa Itikadi na Uenezi, Humphrey Polepole, kilieleza kwamba Rais John Magufuli hakubaliani na jambo hilo. Mjadala ukatulizwa kwa kauli ya mkubwa, si kwa hoja, na dai lililokuwa chini yake bado linasikika vijiweni na hata katika kumbi za semina: miradi mikubwa huchukua miaka mingi, basi aliyeianzisha aachwe aimalize. Dai hili si sahihi, na ushahidi wa kulikanusha uko katika njia ya kutoka Mikumi kwenda Malinyi, mkoani Morogoro.

Mambo ya msingi hayana ubishi. Ibara ya 40(2) ya Katiba, iliyotokana na mabadiliko ya 1984, inamzuia mtu kuchaguliwa kuwa Rais zaidi ya mara mbili. Marais Mwinyi, Mkapa na Kikwete waliondoka muda wao ulipokwisha. Wanazuoni Daniel Posner na Daniel Young walionesha mwaka 2007 kwamba marais wa Afrika wanazidi kuondoka madarakani kwa njia za kikatiba kuliko kwa kupinduliwa. Ubishi wangu ni na mchumi Mancur Olson, ambaye makala yake ya 1993 ndiyo kimbilio la kitaaluma la wapenda mihula mirefu. Olson anasema mtawala anayetarajia kukaa sana huijali nchi kwa sababu kesho pia atavuna humo, ilhali mpita njia hunyakua na kuondoka. Wanaomnukuu huruka onyo lake mwenyewe, kwamba mtawala anayehofia kiti chake hugeuka tena kuwa mpita njia. Kosa lake kubwa, hata hivyo, ni kudhani kwamba kumbukumbu na subira ya dola vimo ndani ya mtu mmoja. Katika Bonde la Kilombero havimo humo.

Msafiri kutoka Mikumi hupita Kidatu kwenye mashamba ya miwa, hufika Ifakara, huvuka mto Kilombero pale Kivukoni, kisha hufika Lupiro ambako njia hugawanyika: moja hupanda Mahenge, nyingine huelekea Itete, Mtimbira na Malinyi. Kwa miongo mingi pale mtoni palivukwa kwa pantoni. Mgonjwa wa rufaa anayepelekwa Ifakara, gunia la mpunga, mwalimu anayefuata mshahara, wote walisubiri chombo na hali ya maji. Januari 2016 kivuko cha MV Kilombero II kilizama hapo.

Mwalimu Nyerere aliongoza nchi kwa muda mrefu kuliko kiongozi mwingine yeyote, tangu uhuru wa 1961 hadi alipong'atuka 1985, ukiacha sehemu kubwa ya 1962 alipompisha Rashidi Kawawa. Miaka yote hiyo Kivukoni haikupata daraja. Sisemi hili kumlaumu. Nchi ilikuwa maskini na mahitaji yalikuwa mengi. Nasema tu kwamba kama urefu wa utawala ungekuwa ndio unaojenga, basi hapo ndipo ungejenga. Wapo watakaonikumbusha reli ya TAZARA, iliyopita Ifakara na Mlimba wakati wa Mwalimu huyo huyo. Ni kweli, lakini reli hiyo ilianza kujengwa 1970 na kukamilika 1975. Ni muda wa muhula mmoja. Tena ilipita ng'ambo ya pili ya bonde, na Malinyi ikabaki na mto wake.

Daraja la mita 384 lilianza kujengwa wakati wa Rais Kikwete, likafunguliwa na Rais Magufuli Mei 2018 na kupewa jina lake. Katika ziara hiyo hiyo Magufuli aliweka jiwe la msingi la barabara ya lami ya Kidatu hadi Ifakara, kilomita 66.9, kwa msaada wa Umoja wa Ulaya na wafadhili wengine. Hakuiona ikikamilika. Alifariki tarehe 17 Machi 2021, mkandarasi akiwa bado kazini. Nchi ilipata Rais mpya kwa mujibu wa Ibara ya 37(5), mkataba ukabaki mkataba, na Agosti 2024 Rais Samia Suluhu Hassan akaifungua barabara. Daraja na lami hiyo vimepita katika mikono ya marais watatu, mmoja wao akiwa amekufa katikati ya kazi, bila hata mmoja kuhitaji siku ya ziada.

Kilichovusha kazi hiyo ni taasisi. Mfuko wa Barabara uliundwa 1998, na Wakala wa Barabara, TANROADS, ulianzishwa mwaka 2000. Vyote viwili vimewaona marais wakija na kuondoka. Mhandisi wa mkoa mjini Morogoro habadilishi michoro kwa sababu Ikulu imepata mpangaji mpya.

Hapa napingwa kwa hoja nzito: Magufuli alikuwa Waziri wa Ujenzi kati ya 2010 na 2015, hivyo aliyefungua daraja ndiye aliyelisimamia likijengwa. Je, huo si mwendelezo wa mtu? Ni mwendelezo wa mtu, ndiyo, lakini mtu huyo alifika Ikulu kwa sababu Kikwete alilazimika kuondoka 2015. Ukomo wa mihula ndio uliomfungulia mlango waziri aliyeujua mto ule.

Ushahidi wa pili unahusu Mawaziri Wakuu, na hapa takwimu zinashangaza. Kati ya Februari 1972, Rashidi Kawawa alipoteuliwa, na Novemba 1985, Rais akiwa hana ukomo karibu muda wote huo, kulikuwa na teuzi tano: Kawawa, Sokoine, Msuya, Sokoine tena, na Salim Ahmed Salim. Wastani ni takribani miaka 2 na miezi 9. Kuanzia Novemba 1985 hadi Novemba 2025, chini ya marais wenye ukomo, kulikuwa na teuzi saba, kutoka Warioba hadi Majaliwa, na wastani ni takribani miaka 5 na miezi 9. Sumaye na Majaliwa walikaa miaka 10 kila mmoja. Kiti cha juu kilipokuwa hakina mwisho, kiti cha chini yake kilikuwa hakitulii.

Nakiri kwamba idadi ni ndogo, na kwamba Sokoine aliondoka mara ya kwanza kwa maradhi na mara ya pili kwa ajali ya Dakawa, Aprili 1984, hapa hapa mkoani Morogoro. Inawezekana pia Mawaziri Wakuu wa karibuni wamedumu kwa kuwa cheo chao kimepungua uzito. Mwaka 2015 TAMISEMI, yaani Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa, ilitolewa kwao ikapelekwa Ofisi ya Rais. Lakini Uganda, ambako ukomo wa mihula ulifutwa 2005, inaelekeza kule kule. Amama Mbabazi, Waziri Mkuu aliyeonekana kutaka urais, aliondolewa 2014 baada ya miaka mitatu, na 2016 akagombea dhidi ya Rais Museveni. Asiye na mwisho humwogopa aliye karibu naye.

Pingamizi ninalolijibu kwa nusu tu ni la chama. Marais wamebadilika, lakini TANU na baadaye CCM hawajatoka madarakani, na huenda mwendelezo ninaousifu ni wa chama kisichopishana na kingine. Uchaguzi wa Oktoba 2025, uliofanyika bila mgombea wa chama cha upinzani cha CHADEMA na kufuatiwa na vifo, umeonesha kwamba kubadilisha mtu si sawa na kumpa raia uchaguzi. Ukomo wa mihula hautoshi. Lakini nchi iliyokosa ushindani wa vyama na kisha ikafuta ukomo itakuwa imejinyima hata mlango mdogo iliobaki nao.

Malinyi bado inasubiri. Juni 2023 Serikali ilisaini mikataba ya barabara saba, ikiwamo ya Kidatu, Ifakara, Lupiro, Malinyi, Londo hadi Lumecha karibu na Songea, kilomita 435.8. Saini si lami. Ila hakuna kilomita hata moja kati ya hizo inayokwama kwa sababu Rais fulani aliondoka mapema mno. Kinachopungua ni fedha. Mbunge atakayeletewa muswada wa kurefusha muhula aulize kwanza barabara ya Malinyi imetengewa shilingi ngapi katika bajeti ya mwaka huo, na fedha hizo zikipatikana, aukatae muswada.